Ngeli ya Vibwengo

Semeni Lukwele alikuwa amefika sentensi ya thelathini na moja kati ya mia nne na kumi na mbili. Aliisoma taratibu, akaacha pengo mahali pa kitenzi, akasubiri injini ya mchezo ilijaze.

"Jini … mtoni."

"Jini ameanguka mtoni," injini ikamjibu masikioni.

"Kikapu … mtoni."

"Kikapu kimeanguka mtoni."

"Kibwengo … mtoni."

"Kibwengo kimeanguka mtoni."

Akatia alama kwenye daftari, safu ya tatu. Kikapu na kibwengo vilikuwa vimeanguka kwa namna moja, kama vilivyokuwa vikianguka kwa miaka kumi na mmoja. Hakushangaa. Tangu dada yake azikwe, miezi saba iliyopita, hakuwa amekutana na jambo la kumshangaza. Kila kitu kilimfikia kama mtu anayeguswa mguu uliokufa ganzi: anaona ameguswa, ila hasikii.

Nasibu Mlawa, mkuu wa chumba chao, alisukuma mlango kwa bega. Mkono mmoja ulishika vikombe viwili vya chai ya tangawizi, mwingine mfuko wa vitumbua ulioanza kulowa mafuta.

"Dada Semeni, bado uko mtoni?"

"Bado nipo."

"Toka basi, utapata kichocho." Akaweka kikombe karibu na daftari, akavuta kiti. "Wakubwa wamepitisha. Jumatatu vibwengo wanafunguliwa. Mchezaji akiingia Lukanda atachagua awe nani: mtu, jini, zimwi, au kibwengo. Ila kesho saa sita mchana kile kisanduku kiwe kimebadilishwa. Kisipobadilishwa, wanafuta vibwengo wote wa zamani na kufinyanga wengine wapya."

"Kisanduku kimoja."

"Kimoja tu. Unatoa alama kwenye KI-VI, unaiweka kwenye A-WA. Hata mimi ningeweza, na unajua mimi hata runinga nyumbani nawashiwa na mke wangu."

"Basi kibadilishe wewe, kaka."

Nasibu alikunywa chai yake kwanza. "Nimeangalia ni nani aliyekijaza," akasema, na sauti yake haikuwa tena na mzaha. "Nikaona heshima ni kukuachia mwenyewe."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mbele ya neno *kibwengo* palikuwa na ngeli ya upatanisho, KI-VI, tarehe ya miaka kumi na mmoja iliyopita, na herufi mbili za aliyejaza: S.L.

Semeni aliziangalia. Zilikuwa herufi zake, hapakuwa na shaka.

"Kitumbua?" Nasibu akauliza.

"Niachie kimoja."

*

Injini ya Lukanda haikuchora dunia, iliiandika. Kila jambo lililotokea kule, hata jani kudondoka, liliandikwa kwanza kuwa sentensi, ndipo likaonekana kwa wachezaji. Na ndani ya sentensi, kiambishi cha mwanzo wa kitenzi ndicho kilichoamua sheria zipi zifuatwe. Aliyesemwa kwa *a-* au *wa-* alipewa njaa, maumivu, kaburi na wa kumlilia. Aliyemuua alifuatwa na damu yake: miji ilimfungia malango, visima vikamkaukia, akalala nje mpaka alipe kwa kazi. Kilichosemwa kwa kiambishi kingine chochote kilipewa uzito, ukubwa na namna ya kuharibika. Basi. Waliobuni injini waliona wamepata njia ya mkato. Kiswahili kilikuwa kimeshawatenga walio hai na visivyo hai, kazi yao ikawa kukifuata tu.

Semeni alipoajiriwa hapo Morogoro alikuwa fundi wa simu aliyejifundisha mambo ya injini peke yake, ukurasa kwa ukurasa. Mwezi wa kwanza alipewa majina mia tatu ayapangie ngeli kwa siku moja. Sarufi yake ilikuwa ya kidato cha nne pamoja na kitabu kimoja kisicho na jalada: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Akafuata umbo la jina. Kiboko akamtia KI-VI, kipepeo vilevile. Hao wawili aliwagundua wiki hiyohiyo akawasahihisha, kwa kuwa mwenye uhai, jina lake lianze litakavyoanza, husemwa kwa *a-*. Kibwengo akampita. Na hakuna aliyelalamika. Vibwengo waliwekwa Lukanda ili wachezaji wapya wajifunzie kupiga. Vunja ishirini, upate upanga.

Sasa akafungua banda la majaribio, nakala ndogo ya kijiji kimoja, Ruhe, penye vibwengo arobaini. Walikuwa wafupi, wanamfika mtu kiunoni, ngozi rangi ya chungu kipya, miguu ya bata. Walikuwa wakijenga tuta la kuzuia mto. Mstari wao ulianzia kwenye shimo la udongo, ukapanda kilima, ukapotelea upande wa pili. Kila mmoja alipokea donge, akatembea hatua moja, akasimama, akanyoosha mikono mbele yake pasipo na mtu, akangoja kidogo. Halafu hatua nyingine, akasimama tena. Wachezaji walikuwa wameiripoti tabia hiyo kwa miaka. Ofisini waliiita mkwamo wa Ruhe. Ilikuwa kasoro namba themanini na nane katika orodha ya Semeni, na mbele yake alikuwa ameandika: *si ya haraka*.

Akabadilisha kisanduku.

Injini ilirudi nyuma kusoma kumbukumbu zake. Kila palipoandikwa *kilivunjika*, ikaandika *alikufa*. Pembeni mwa kioo hesabu ilipanda: mia, mia tano, elfu. Kwa Ruhe peke yake ilisimama kwenye elfu moja mia tisa na sita. Ilichukua sekunde tisa.

Mstari ukasimama. Kibwengo wa mbele aliangalia mikono yake kama iliyoletwa na mtu mwingine.

"Nilikuwa na," akasema, na hakuendelea.

Kisha wakaanza kusogeleana. Waliacha madongo chini, wakashuka kilima, wakaja bega kwa bega mpaka wote arobaini wakawa fungu moja dogo kando ya shimo. Ndipo sauti ikatoka. Hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuirekodi. Injini iliitunga yenyewe kwa kufuata sheria za msiba. Semeni akaipunguza. Aliwatazama kwa saa ya ukutani, dakika kumi na moja. Hakuna aliyeketi. Mto ukapanda, ukapita juu ya tuta, ukawafika magotini, na hawakuhama.

Akalifunga banda.

Katika daftari akaandika: *Dakika 11. Mto umepita. Nimefunga.* Akalirudia lile neno la mwisho. Arobaini waliokuwa *wa-* kwa dakika kumi na moja, halafu akafunga. Aliliwaza jambo hilo kwa utaratibu, kama anavyowaza mambo yote, akangoja limchome. Halikumchoma. Akala kitumbua.

*

"Nimesikia umewaliza," Tausi alisema kabla hajakaa. Yeye ndiye aliyepokea barua za wachezaji. Aliegemeza mkongojo wake ukutani, akajitupa kwenye kiti karibu na Nasibu.

"Ni banda tu," Nasibu akasema.

"Banda, nyumba, waliolia wamelia. Haya, shoga, tatizo liko wapi?"

Semeni akawaeleza kwa mpangilio: kisanduku, sekunde tisa, dakika kumi na moja. "Lukanda nzima wamevunjwa zaidi ya laki tatu," akamaliza. "Waliobaki ni elfu sita. Nikiweka A-WA, elfu sita hao watafiwa na laki tatu kwa mara moja. Kabla ya chakula cha mchana."

"Mazimwi tuliwabadilisha, wala hawakulia," Nasibu akasema. "Zimwi naye si alikuwa LI-YA? Mpaka methali ndivyo isemavyo, zimwi likujualo. Wachezaji wakadai, tukageuza, mchezo ukaendelea."

"Mazimwi walikuwa na wiki tatu tu tangu wawekwe. Hawakuwa na wafu."

Nasibu akakuna kidevu. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Na usipogeuza?" Tausi akauliza. "Jumatatu binti wa watu anachagua kuwa kibwengo. Atacheza kama nini? Kama kikombe? Atapigwa panga, injini iseme kimepasuka?"

"Ndiyo maana wakubwa wakasema, ikishindikana, wafutwe," Nasibu akasema. "Wapya watazaliwa na A-WA yao, bila madeni ya jana. Mimi naona hiyo nayo ni huruma ya aina yake."

"Huruma ya kumchinja mgonjwa."

"Sijasema nzuri, Tausi. Nimesema ya aina yake."

Tausi akageukia dirisha. Milima ya Uluguru ilikuwa imefunikwa na ukungu mpaka kiunoni. "Nilipokuwa darasa la tatu," akasema, "nikikata kona tu, wenzangu wanaimba: kile kinakuja, kile kinakuja. Mwalimu anasikia, anacheka. Hawakuniita jina la tusi hata siku moja. Ni hiyo *ki-* tu. Naijua inavyokaa mwilini. Leo nina barua elfu tisa za watu wanaodai vibwengo wasemwe kama watu, na wewe una kisanduku, unaniambia watalia. Acha walie! Kulia si ndio utu wenyewe?" Akajuta kidogo. "Samahani. Sikukusudia."

"Hujanikosea."

"Maana hata msibani kwa marehemu dada yako Mwajabu, watu walisema. Semeni hajalia, Semeni ana moyo wa jiwe. Mimi nikawaambia, mwacheni."

"Ahsante."

"Umeshalia?"

"Bado."

Nasibu alijishughulisha na kukunja mfuko wa vitumbua.

Semeni akafikiri juu ya maneno ya Tausi. Yalikuwa ya kweli, na hakuona pa kuyapinga. Aliwaza pia kwamba kama kungekuwa na kisanduku chake mahali fulani, na mtu mwenye nia njema amekaa mbele yake, angetaka kwanza abishiwe hodi.

"Kuna aliyewahi kuwauliza?" akasema.

"Kuwauliza akina nani?" Nasibu akashangaa.

"Vibwengo."

"Dada yangu, ukikiuliza kitu, kitakujibu kama kitu."

"Pengine. Nipe mpaka jioni."

*

Alivaa miwani na glavu, akaingia Lukanda yenyewe, si bandani. Ruhe kulikuwa na jua la mchana. Mstari ulikuwa ukienda kama kawaida yake, hatua na kusimama, hatua na kusimama. Kwa kuhesabu alivyozoea, aliona donge moja lingechukua siku nzima kufika mtoni.

"Hujambo," akamwambia kibwengo aliyekuwa karibu.

Alipita na donge lake kana kwamba upepo ndio uliosema.

"Wewe," Semeni akaita. "Wewe mwenye donge."

Kibwengo akaendelea na hatua zake. Semeni akasimama kufikiri. Kisichosemwa kwa *a-* hakina *wewe*. Injini haikuwa na njia ya kumfikishia. Akajaribu njia nyingine.

"Hicho kipo?"

Kibwengo kikasimama, kikageuka. "Hiki kipo," kikajibu kwa sauti kavu, ya urafiki. "Hicho je?"

"Hiki… hiki nacho kipo."

"Basi hicho kihame kidogo. Hapo pamekanyagwa."

Semeni akaruka pembeni. Chini hapakuwa na kitu, ni majani mafupi tu.

"Hicho kinaitwaje?" akauliza.

"Kilekile."

"Mbona kikaitwa hivyo?"

"Kila asubuhi vinauliza, kimekuja kile cha jana? Kinajibu, kilekile." Kikacheka kwa jambo hilo, ilionekana ni mzaha wa siku nyingi. Kikasogea hatua moja, kikanyoosha donge mbele, kwenye hewa, kikangoja, kikalirudisha kifuani.

"Hapo hicho kimesimama. Kwa sababu gani?"

"Pamepokea."

"Pamepokea nini?"

"Udongo."

"Mbona udongo bado uko mikononi mwa hicho?"

Kilekile kilimtazama kama anavyotazamwa mgeni asiyejua mlango uko wapi. "Hapo hapana mikono," kikasema polepole. "Hiki kinapashikia."

Semeni akatembea nacho. Hatua, kusimama, kungoja. Akajikuta akiwaza kwa usemi wa pale, ki- na vi-, kwa kuwa ndio uliofika.

"Hapa palikuwa na kipi?" akauliza kwenye pengo lililofuata.

"Palikuwa na kirefu kilichoimba vibaya. Virefu vya panga vikaja, kikavunjika. Sasa pana."

"Pana nini?" Semeni akauliza; virefu vya panga alijua ni wachezaji.

"Pana," Kilekile kikarudia. "Leo pamekasirika kidogo. Udongo una mawe." Kikalishikilia donge kwa muda zaidi ya mapengo mengine, kikasema kwa upole, si kwa Semeni, "Kesho utachujwa," kisha kikaendelea.

Semeni akanyanyua kidole, akafungua jedwali la ngeli kwenye pembe ya miwani. Akashuka mpaka mwisho, penye ngeli ya mahali, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuihangaikia kwa sababu Kiswahili chote kina jina moja tu la kuweka humo. Na humo mlikuwa na jina moja, *mahali*. Lakini hesabu ya matumizi ilikuwa ya mamilioni, karibu yote kutoka kwa vibwengo. *Pamechoka. Panasikiliza. Pangependa udongo mwekundu.* Safu ya herufi za aliyejaza ilikuwa tupu. Hakuna aliyejaza. Vibwengo vilikuwa vimenyimwa kufa, basi vikatafuta pa kuviweka vile visivyoonekana tena, vikaona mlango mmoja uko wazi, vikavipitisha humo.

Akaelewa alichokiona asubuhi. Alipobadilisha kisanduku, *kilivunjika* kikawa *alikufa*, na aliyekufa hayuko popote. Mapengo yakaacha kuwa na kitu. Hawakuwa na sababu ya kusimama mbalimbali tena, ndipo wakasogeleana.

Akalifunga jedwali. Kilekile kikamngoja, kama kilivyongoja kila mahali.

"Kuna kazi hiki kimepewa," Semeni akasema. Aliyachagua maneno moja moja. "Kinaweza kubadilisha namna vinavyosemwa vya hapa. Kikibadilisha, virefu vya panga vingi vitaacha kuvunja. Kirefu cha panga kikivunja, sheria itakifuata."

"Vingi. Si vyote?"

"Si vyote."

"Hilo ni zuri," Kilekile kikasema baada ya kupima. "Mwezi huu vimevunjika vitatu. Mstari umekuwa mrefu, mikono inachoka."

"Ila vilivyovunjika vitakuwa vimekufa. Hicho kitajua. Kitaumia."

"Kuumia ni kama udongo wenye mawe?"

"Zaidi."

"Zaidi kiasi gani?"

Semeni akatafuta kipimo. Akalikumbuka jiko la Mwajabu, sufuria zilizofunikwa na mtu asiyejua zinavyofunikwa, na yeye amesimama katikati akijiambia, sasa, sasa hivi huzuni itakuja. "Hiki hakijui," akasema mwishowe. "Kwa hiki bado haijafika."

Kilekile hakikushangaa. Kikaelekeza donge kwenye majani mbele yao. "Na hapa?"

"Hapa patakuwa patupu."

"Patupu." Kikalionja neno. "Hapa hapajawahi kuwa patupu."

"Hiki kisipobadilisha, kesho jua likiwa juu, vyote vitafutwa, hata hapa. Au pengine vitaachwa na virefu vya panga vitaendelea. Hiki hakina njia isiyo na ubaya. Ndiyo maana kimekuja kuuliza. Hicho kinataka ipi?"

"Hiki ni kimoja," Kilekile kikasema. Hakikuwa kinakwepa. Kilikuwa kinaeleza jambo ambalo kila mtu angepaswa kulijua. "Viulizwe vyote. Na hapa pia paulizwe."

Kikaweka donge chini, jambo ambalo Semeni hakuwahi kuliona likifanywa mchana, kikaanza kuufuata mstari. Kwa kila pengo kilisimama, kikasema maneno yaleyale, yote, bila kufupisha: virefu vya panga, kuumia, patupu. Halafu kikangoja. Kilingoja muda uleule wa kupokea donge, na pengine zaidi. Kilipokifikia kibwengo kingine kikasema tena, nacho kikatikisa kichwa na kuuliza maswali, kikabishana kidogo, kikacheka lile jina Kilekile. Kisha pengo lingine.

Semeni alikuwa amekihesabia sita, vibwengo na mapengo pamoja, jua la Lukanda lilipogusa tuta. Mstari wote ukalegea. Vibwengo vikanawa mikono mtoni.

"Bado vingi," Kilekile kikamwambia kikirudi. "Na bado pengi. Kesho."

"Kesho haitatosha."

"Basi ile inayofuata." Kikamtazama. "Hicho kitakuwepo?"

"Kitakuwepo."

*

Alipovua miwani ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Mlinzi alikuwa akifunga madirisha ya ukumbi, moja moja, kwa kelele. Nasibu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Umeweka?"

"Bado. Vimeomba kesho."

"Nani ameomba?"

"Vyenyewe."

Nasibu akaingia, akaketi bila kuvua mkoba. "Kesho yao au kesho yetu?"

"Yao. Na nyingine baada ya hiyo. Vimefika sita."

"Kati ya arobaini?"

"Arobaini na elfu moja mia tisa na sita. Hiyo ni Ruhe tu."

Nasibu alimwangalia kama mtu anayetafuta dalili za homa. "Dada Semeni. Kesho saa sita nawaambia nini wakubwa? Kwamba mashimo ya hewani yanapiga kura?"

"Waambie kuna majina hayajapangiwa ngeli. Yanatumika, yapo kwenye sentensi, na hayana mstari wao katika jedwali. Kanuni ya chumba inasema kisanduku hakiguswi wala hakifutwi ikiwa kuna jina halijapangwa."

"Kanuni hiyo niliiandika mimi."

"Najua. Ni kanuni nzuri."

"Niliiandika kwa ajili ya majina ya samaki!"

"Haisemi samaki."

Nasibu akafumba macho, akapangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Tausi atasema unawaacha waendelee kupigwa."

"Atakuwa sahihi. Mwezi huu ni vitatu. Kila siku ninayongoja ni yangu, nitaiandika." Hakutafuta neno la kujitetea. "Lakini nitakuwa nimeuliza."

Mlinzi akagonga kwenye fremu ya mlango na funguo zake. Nasibu akasimama. "Na uandike vizuri," akasema. "Wakija kukagua, wakute mwandiko wa mtu mwenye akili timamu." Akatoka, na viatu vyake vikasikika ngazi mpaka ngazi.

Semeni akafungua ukurasa mpya wa daftari. Akaupiga mistari kwa rula, safu nne: namba, jina, ngeli, jibu. Chini ya namba moja akaandika *Kirefu kilichoimba vibaya*. Kwenye ngeli akaandika *PA-*. Safu ya jibu akaiacha wazi, akaitia kalamu kifuniko, akazima taa ya meza.